Bana Pumzi, Usibane Pumzi: Maneno ya Kupiga Mbizi Pwani ya Kusini

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Bongwe, Kaunti ya Kwale

 

Nimeombwa nizungumzie msamiati wa kupiga mbizi na vifaa vyake. Huenda wengi mlitarajia nije na orodha ndefu, upande huu Kiingereza, upande huu Kiswahili, niisome yote, mnipigie makofi, twende tukale. Sikuja na orodha. Majina ya vifaa hayanikoseshi usingizi, maana hayo hujipata yenyewe. Simama asubuhi ufuoni Diani wakati mashua zinapakiwa, utege sikio. Silinda ya hewa ni mtungi. Mkanda wa kumsaidia mtu azame ni mkanda wa risasi, kwa kuwa vipande vilivyotiwa humo ni risasi ileile ya chubwi la mshipi. Kioo cha uso ni miwani. Suti ni suti, kompresa ni kompresa, na ile ya kuvutia hewa ni regyuleta kwa aliyesomea kozi. Kwa asiyesomea ni "kile cha mdomoni", na wote wawili huelewana. Hakuna aliyengoja kamati. Hata yule papa mkubwa kuliko samaki wote, anayepita kwetu wakati wa kaskazi, hakungoja: wavuvi waliyaona madoa meupe ya mgongoni mwake, wakaona sarafu, wakamwita papa shilingi. Imekwisha hiyo.

Nina onyo moja tu juu ya mtungi. Kijana ukienda kuposa, ukaulizwa kazi yako, usijibu kwamba unapiga mtungi. Posa itarudi.

Kinachonishughulisha mimi ni vitenzi. Kifaa usichokijua jina waweza kukionyesha kwa kidole. Kitendo hukionyeshi kwa kidole. Kitendo huambiwa mtu kabla hajaingia majini, kwa sababu akishaingia hakusikii tena. Na nionavyo mimi, Kiswahili chetu kina hazina kubwa ya vitenzi vya bahari, ila hazina hiyo ilijengwa na watu waliozama kwa pumzi moja. Mtungi umekuja na sheria nyingine, na mahali pamoja sheria hiyo ni kinyume kabisa cha ile ya wazee.

Mtazameni mvuvi wa pweza au wa kamba mawe. Anaelea kifudifudi, uso majini, akichungulia chini. Akiona pango analolijua, anavuta pumzi ndefu, anaibana, anajikunja kiunoni na kuelekeza kichwa chini. Miguu ndiyo ya mwisho kupotea. Hajafika mbali, maji yameshaanza kumbana masikio, basi anaminya pua kwa vidole na kupuliza ili ayazibue. Mkono mmoja unashika ukingo wa mwamba, mwingine una mkuki. Yote hayo yaishe kabla kifua hakijaanza kumdai. Kisha anaibuka mbio, anatweta, na kama alifungua mdomo mapema, anapaliwa.

Kubana pumzi, kuzama, kuzibua masikio, kuibuka, kutweta, kupaliwa: hakuna hata neno moja hapo la kuazima jana. Kupaliwa hasa nalipenda. Mwalimu wa kizungu huhitaji sentensi nzima kueleza maji yaliyoingia njia isiyo yake. Mama yeyote wa Gombato anayemnywesha mtoto uji ana neno hilo tayari. Tena tuna maneno ya maji yenyewe, na hapa hatumwogopi mtu. Tuna bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa, mkondo, mlango wa mwamba, fungu, kilindi. Tuna pima, ambayo ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na bildi ya kupimia kina. Mombasa bandari nzima imepewa jina la kilindi. Kiongozi wa watalii anayemwambia mgeni kwamba leo ni maji mafu, mkondo ni mdogo, kusi limetulia na maji ni meupe, amempa taarifa kamili kuliko inayoandikwa kwenye ubao wa hoteli.

Kupiga mbizi kwa pumzi moja si uvuvi mdogo wa pembeni, kama baadhi ya wasomi wanavyouchukulia. Ghuba ya Uajemi iliufanya uchumi wa miji. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Septemba majahazi ya Bahrain, Kuwait na pwani zile nyingine yalitoka kutafuta lulu. Mpiga mbizi, aliyeitwa ghais, alibana pua kwa kibanio cha gamba la kobe au cha mfupa, akatia mguu kwenye kamba yenye jiwe, akashuka na kikapu. Juu alibaki mvuta kamba, saib, ambaye kazi yake yote ilikuwa kusubiri mtikiso wa kamba na kumvuta mwenzake. Wamo miongoni mwa wapiga mbizi hao watu waliotekwa katika pwani za Afrika Mashariki, wakauzwa, wakazamia lulu za watu wengine mpaka miongo ya kwanza ya karne ya 20. Lulu za kufugwa za Japani na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ndivyo vilivyoiua biashara hiyo. Kiswahili kina nahodha na kina lulu. Ghais na saib hawakuvuka kuja kwetu. Nahisi ni kwa sababu waliozifanya kazi hizo hawakurudi.

Sasa mtungi. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, afisa wa majini Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walitengeneza vali inayompa mtu hewa pale tu anapoivuta, na kwa presha ileile ya maji yanayomzunguka. Maneno hayo ya mwisho, presha ya maji yanayomzunguka, ndiyo yaliyobadilisha kila kitu.

Tuhesabu pamoja. Hapa juu tunabeba uzito mmoja wa hewa. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza uzito mwingine kama huo. Mvuvi wetu aliyebana pumzi akishuka mita 10, mapafu yake hupungua kufikia nusu. Akiibuka, hurudi vile yalivyokuwa. Hata akiibuka mbio kiasi gani, hewa aliyotoka nayo ndiyo anayorudi nayo. Mwenye mtungi, palepale mita 10, amejaza mapafu kwa hewa iliyobanwa maradufu. Huyu akibana pumzi na kuibuka, hewa ile hutanuka mpaka itake nafasi mara mbili ya kifua alicho nacho. Pafu hupasuka. Wala si lazima awe kwenye kina kirefu. Kutoka mita moja na nusu hivi, kina cha bwawa la hoteli, pafu lililojaa laweza kudhurika.

Kwa hiyo amri ya kwanza ya mtungi ni hii: usibane pumzi kamwe. Na amri ya kwanza ya mzee mvuvi ilikuwa: bana pumzi. Kijana aliyelelewa na bahari ya Mwaepe au ya Gazi, hodari kuliko wanafunzi wote wa kozi, ndiye aliye hatarini zaidi siku ya kwanza, kwa sababu mwili wake tayari umefundishwa. Ukimwambia "kuwa mwangalifu na pumzi", atasikia "ibane vizuri". Hapo neno linaweza kumuua mtu.

Mnadhani natia chumvi? Twendeni Honduras kidogo, pwani ya Wamiskito. Hao ni wenyeji wa pwani, wavuvi wa asili kama Wadigo, na kamba mawe ndiyo mali yao. Matajiri wa mashua waliwapa mitungi bila mafunzo ya maana wala vipimo, wakawatuma chini mara nyingi kwa siku, kina kirefu, wakipanda na kushuka. Mamia walipooza. Kesi ya wapiga mbizi 42 na familia zao ilifika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, na mwaka 2021 serikali ya Honduras ilikiri wajibu wake. Waliopooza walikuwa waogeleaji hodari sana. Walichokosa ni mtu wa kuwaeleza, kwa lugha ya nyumbani kwao, kwamba kwa mwenye mtungi, kupanda ni kazi kuliko kushuka.

Naisema habari hiyo nikiwa nawatazama wazamiaji wa jongoo bahari wa Vanga, Majoreni na Shimoni. Jongoo hatuli sisi. Anakaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na China, na bei yake humvuta mtu chini. Wa maji mafupi wakipungua, mtu hufuata wa maji marefu, na ndipo mtungi unapoanza kuonekana kama njia ya mkato. Anayefikiria njia hiyo, kwanza aulize kwa nini Wamiskito wale wanatembelea viti vya magurudumu.

Nimetamka wazamiaji, na najua wa Mombasa wamecheka. Kwa Watanzania mzamiaji ni mpiga mbizi, neno safi la vitabuni. Kwa mtu wa bandarini, kuzamia ni kujificha ndani ya meli mpaka Durban bila tiketi. Mimi nitabaki na mpiga mbizi kwa mwenye mtungi, na mzamiaji nitamwachia anayezamia kitu chenye jina, jongoo au chaza. Wa meli atajijua.

Kuna siku 13 ambazo Kenya nzima ilizungumza habari za kupiga mbizi. Jioni ya Jumapili, tarehe 29 Septemba 2019, gari lilirudi kinyumenyume likatumbukia kutoka kwenye feri ya MV Harambee, kivuko cha Likoni, likiwa na mama na binti yake mdogo. Wapo hapa waliosimama ng'ambo ile siku baada ya siku. Walikuja wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, wakaja wa binafsi, wakaja wa Afrika Kusini. Gari liliopolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58.

Hasira ya watu ilikuwa ya haki. Nchi yenye bandari kongwe kama ile ilipaswa kuwa tayari. Lakini nilisikiliza redio siku zile, na swali lililorudiwa kila saa ni moja: kwa nini hawazami tu wakalitoa? Mita 58 ni karibu pima 32. Hapo presha ni karibu mara 7 ya hapa juu, na mtungi ambao ungemtosha mtu saa nzima karibu na uso wa maji huisha kwa dakika chache. Kupita mita 30 hivi, naitrojeni ya hewa huanza kumlewesha mtu, akacheka kisicho cha kuchekesha na kusahau alichofuata. Huko mtungi humpiga mtu kweli. Mtalii mwenye cheti cha kwanza haruhusiwi kupita mita 18, na mpaka wa watalii wote ni mita 40. Ongeza mkondo wa kivuko, ongeza maji machafu yasiyoonyesha hata mkono wako. Kila moja ya sababu hizo ingeelezeka kwa Kiswahili cha kawaida kwa dakika tano. Badala yake tulipewa Kiingereza cha maafisa kilichotafsiriwa harakaharaka, na umma ukabaki kudhani watu wanaogopa maji.

Lugha yenyewe ilikuwa na neno. Kuokoa ni kumtoa mtu akiwa hai. Kuopoa ni kutoa kilichozama, hai au si hai. Wazee wa pwani hawachanganyi maneno hayo mawili, na familia inastahili kuambiwa mapema ni lipi linalofanyika. Kuopoa ni neno la kazi pana. Manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira ngome. Kati ya 1977 na 1980 wanaakiolojia wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa walishuka na kuopoa vyombo, na baadhi yake mtaviona ngomeni leo. Waliopoa. Neno hilo halihitaji msaada wowote.

Na kutapatapa. Kila mtu anaijua methali, mfa maji haachi kutapatapa, na huitumia kwa wanasiasa. Irudisheni majini. Hali anayoiogopa mwalimu kuliko zote ni ile ya mtu kuvua miwani, kutupa kile cha mdomoni na kupiga mikono ovyo ilhali mtungi wake umejaa. Huko ni kutapatapa, na sioni sababu ya kuazima neno la hofu kutoka popote wakati hili lina mikono na miguu.

Chini ya maji lugha inabaki ya mikono, nayo ina mtego wake. Kidole cha shahada kikigusa dole gumba, duara, maana yake niko sawa. Dole gumba likielekezwa juu, maana yake twende juu. Sasa Mkenya yupi akiulizwa hali hainui dole gumba? Mgeni anamuuliza kijana wetu kwa duara, kijana anajibu kwa gumba, akimaanisha poa kabisa, na mgeni anaanza safari ya juu wakati safari yenyewe ndiyo kwanza imeanza. Hilo halirekebishwi na kamusi. Lirekebishwe ufuoni, mitungi ikiwa bado mchangani, kwa maneno sita: gumba si poa, gumba ni juu.

Hapo kwenye kwenda juu ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hapo ndipo pengo letu lilipo. Tunasema kupanda. Mkwiro, kisiwani Wasini, kuna vijana waliofunzwa na shirika la REEFolution, kazi yao ya kila siku ni kurudisha matumbawe: wanashuka na vipande na kuvioteshea mahali papya, kwa sababu joto la bahari la mwaka 1998, na mengine yaliyofuata, liliua matumbawe mengi ya pwani hii. Kazi hiyo kwa Kiswahili ni kupanda matumbawe. Kiongozi akisema kwenye mashua kwamba baada ya dakika 30 tutapanda, amesema nini? Kuibuka nako hakufai. Kuibuka ni kutokea kwa ghafla, ni neno la mwenye pumzi moja, na ghafla ndiyo inayopasua mapafu na kuijaza damu mapovu.

Nieleze hayo mapovu. Hewa tunayovuta ni naitrojeni asilimia 78. Kwenye presha, naitrojeni huyeyuka na kuingia damuni na kwenye nyama za mwili, na kadiri unavyokaa ndivyo inavyozidi. Ukipanda taratibu inatoka kwa njia iliyoingilia, pumzi kwa pumzi. Ukipanda mbio inageuka mapovu palepale ilipo: kwenye viungo ni maumivu, kwenye uti wa mgongo ni kupooza. Mskoti John Scott Haldane aliwaweka mbuzi kwenye chumba cha presha, akawashusha na kuwapandisha kwa namna mbalimbali, akitazama nani anachechemea. Mwaka 1908 alichapisha majedwali yake, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba mtu asipande moja kwa moja. Apande kwa vituo, asimame, angoje, kisha aendelee.

Kwa kitendo hicho cha kwenda juu napendekeza kukwea. Kwale ni nchi ya minazi na hakuna asiyemjua mkwezi. Kukwea kuna hatua ndani yake. Hakuna anayekwea kwa ghafla. Kasi inayofundishwa na wengi siku hizi ni mita 9 au 10 kwa dakika, polepole kuliko mapovu madogo unayoyatoa mwenyewe. Mwambie kijana "kwea, usiibuke", hutahitaji kumfafanulia zaidi.

Na ile sehemu ya kusimama, mita 5 kutoka juu, dakika 3? Kitabuni tungeandika kituo. Nilipowauliza baadhi ya vijana waliopo hapa kabla hatujaanza, jibu lao lilitoka bila kufikiri: steji. Tunasimama steji ya mita 5. Walimu wenzangu mtakunja uso, lakini mimi nawaunga mkono. Kila Mkenya anajua kwamba steji hairukwi, gari lisiposimama steji kuna mtu ataumia, na ajabu ni kwamba Haldane mwenyewe aliiita kwa neno hilohilo lililozaa letu. Liingie kwenye kamusi likiwa na chumvi yake.

Nisingependa maneno haya yaanzie kwenye kamusi hata hivyo. Yaanzie mitungi inapojazwa. Pale penye kompresa pana ukuta, na ukutani kuna maonyo kwa Kiingereza, pengine na Kijerumani, kwa ajili ya wageni wa siku mbili. Anayebeba mitungi hiyo mwaka mzima anatoka Bongwe, Mwabungo au Kinondo, na nyumbani anasema Chidigo au Kikamba, kazini Kiswahili. Yaandikwe kwa rangi, herufi kubwa: pumua, usibane pumzi, zibua masikio kabla hayajauma, kwea, usiibuke, simama steji, ukiumwa viungo baada ya kutoka majini, sema leo, usingoje kesho. Hilo la mwisho ni muhimu, kwa kuwa tiba yake ni chumba cha presha, na kadiri mtu anavyochelewa ndivyo kinavyomsaidia kidogo. Kwa Chidigo mtanisaidia nyinyi, maana kuna wazee hapa ambao bahari imewafundisha vitenzi nisivyowahi kuvisikia.

Najua itaulizwa ni nani atakayenunua rangi. Naona wenye maduka wawili wako safu ya pili, na wala hawajainamisha vichwa bado. Karibuni kwa maswali. Tuwatangulize wa Mwaepe, maana wanaingia baharini usiku huu.